Haboba, Dobi na Kasula ya Mtama

Niseme mapema tusipotezeane muda: kazi yangu naijua. Kitale, nilikolelewa, mama alikuwa akiniambia msichana hajisifu, asubiri asifiwe. Nilisubiri hadi nikachoka. Nikarudi kwetu Juba na cheti changu, sanduku moja la vifaa na mdomo wangu, nikafungua chumba cha kutengeneza kompyuta hapa Buluk, na tangu siku hiyo sijamngoja mtu anisifu.

Katika kazi zote ninazofanya, ninayoipenda zaidi ni kuweka mifumo endeshi kadhaa ndani ya kompyuta moja. Mfumo endeshi ndio unaoamka wa kwanza ukiwasha mashine, ndio unaoamua programu ipi itafanya kazi na ipi itakataa. Kompyuta nyingi zina mmoja tu, na wenyewe hata hawajui kama upo. Mimi nikitaka naweka miwili, mitatu. Siku moja niliweka minne ili tu kumnyamazisha jamaa aliyekuwa akinibishia. Ni jiko moja lenye wapishi watatu, kila mmoja anapika kwa zamu yake. Ukiwasha, kioo kinakuuliza leo apike nani, nawe unachagua. Hadi leo swali lile likitokea mbele ya mteja kwa mara ya kwanza, mimi hukunja mikono na kutabasamu peke yangu.

Kuna mtu aliwahi kuniambia ati mimi mwenyewe ndiye ile kompyuta: Kiarabu cha Juba sokoni, Kiingereza ofisini, Kiswahili nyumbani. Nilimwambia aende akauze mashairi soko la Konyo Konyo, aniache nifanye kazi.

Sasa mama mshonaji. Alikuja mwaka juzi, kwa miguu, kutoka mtaa wa Malakia, na kitu kikubwa amekifunga mgongoni kwa kitenge. Nilidhani amebeba mtoto. Akakifungua, kumbe ni kompyuta, ile ya zamani ya sanduku, imeungua inanuka.

"Mtoto yangu," akasema, "mimi iko na mashine ya kudarizi. Mashine iko mzima. Hii ndiyo ilikuwa naiambia mashine ishone nini, na sasa imekufa. Mafundi watatu wamesema nitupe yote, ninunue mpya."

Mama huyu ni Mganda, mtu wa miaka hamsini na kitu, na ameshona Juba miaka kumi na tano. Mashine yake ya kudarizi aliinunua kuukuu, ikiwa na programu yake ya kuchorea, na programu yenyewe ilikubali kuongea na mfumo mmoja tu, mzee kabisa, ambao hata waliouunda walishauacha. Wale mafundi watatu walijua mfumo mpya peke yake. Waliposhindwa wakasema tupa. Aki, hakuna neno linalonichoma kama hilo. Tupa! Mtu hawezi kufungua kifuniko cha sufuria halafu anasema chakula kimeoza.

Nilimtafutia kompyuta nyingine yenye tundu la ule waya wa zamani, nikaweka mifumo mitatu. Wa kwanza ule mzee, kwa ajili ya mashine ya kudarizi. Wa pili mpya, kwa barua na picha, maana majirani wake walipenda kuja kuchapisha kwake. Wa tatu ule wa bure, ambao virusi vya hapa mjini haviupati, kwa ajili ya kusafisha flashi za watu. Flashi za Juba nazijua mimi. Ikipita ofisi mbili tu, imeshaokota kila ugonjwa. Kisha nikatenga sehemu moja ya diski nikaiita chumba cha pamoja, ambamo mifumo yote mitatu inaweza kuingia, kuweka na kuchukua. Nikamwambia mama, "Kila kitu chako cha maana kiweke humu, na nakala zako pia, popote utakapokuwa utakiona."

Yeye mwenyewe akawapa majina. Ule mzee akauita Haboba, ndiyo kusema bibi kwa Kiarabu cha hapa, kwa sababu anaamka polepole na hataki kuharakishwa. Ule mpya akauita Bosi, kwa kuwa kila siku anadai kitu. Wa kusafisha flashi akauita Dobi. Baada ya wiki mbili alikuwa akichagua bila kuniuliza, na mtu akileta flashi humwambia, "Ngoja kwanza, nguo yako iende kwa Dobi." Nilijivuna mpaka nikawa nawapeleka wateja wangu Malakia wakamwone.

Hapa nieleze jambo la umeme, maana ndilo lililotuponza. Maduka ya mstari wa mama mshonaji yanatumia jenereta moja. Mwenye jenereta akitaka kuizima hupiga kelele "Kalas!", yaani basi, imekwisha, na una dakika mbili tatu. Ukizima kompyuta kawaida, ukiwasha tena unaanza upya, unafungua programu, unatafuta ulipoishia, na wakati huo saa zako za umeme zinakwisha. Ndiyo maana wengi wetu Juba hatuzimi. Tunalaza. Unaiambia kompyuta ilale, inaandika kwenye diski kila kitu ilichokuwa ikikumbuka, inajizima, na umeme ukirudi inaamka palepale, hata sindano iliyokuwa nusu ya mshono unaikuta nusu. Nimewafundisha watu wengi kulaza. Nilimfundisha na yeye: ukisikia Kalas, laza Haboba. Nilimwandikia kwenye kikaratasi nikakibandika pembeni ya kioo.

Mwaka huu ikaja kazi ya kasula. Kasula ni lile vazi pana la juu analovaa padri kwenye misa. Parokia yao huagiza mavazi Kampala, siku zote. Mara mbili mama mshonaji aliomba ajaribiwe, mara mbili akaambiwa wakati ujao. Safari hii shemasi mmoja, mtoto wa parokia hiyohiyo, alikuwa apewe upadri, na akina mama wa parokia wakamwambia mwenyekiti wao: mpe mama yule moja tu, tuone. Mwenyekiti ni mwanamke mrefu aliyekaa Nakuru miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka kama changu. Akasema, "Ikitoka vizuri, tutakuwa tunashonea hapa. Isipotoka, mama, tusisumbuane tena."

"Nimeshonea shule," mama mshonaji aliniambia siku ile, amekaa, mikono imetulia juu ya magoti. "Nimeshonea timu za mpira. Nimeshonea maiti. Kanisa yangu tu ndio sijashonea."

Akaanza kuchora. Kasula za Kampala zina ngano na zabibu. Yeye akauliza nani hapa amewahi kuvuna zabibu, akachora mtama. Kikombe katikati ya mgongo, na mabua ya mtama yakipanda kulia na kushoto, masuke yameinama kwa uzito. Mchoro wa kudarizi si kama picha, kila mshono unauweka mwenyewe: unaanzia wapi, unalala upande gani, uzi unakatwa wapi. Ulimchukua wiki tano. Nilikuwa nikipita kuuangalia, na nasema bila aibu kwamba ulinitoa machozi mara moja.

Jumatano, siku nne kabla ya upadrisho, akanipigia simu asubuhi. "Mtoto yangu, njoo. Haboba amevuruga nyumba."

Nikapanda boda. Kufika, nikamkuta amekaa mbele ya kioo, na kwenye kioo ile faili ya kasula imefunguka: mistari imekwenda ovyo, kikombe hakipo, upande mmoja rangi zimemwagika tu. Faili nyingine zilikuwa na majina yasiyosomeka. Nakala nazo hivyohivyo, kwa sababu zilikuwa chumba kilekile. Nani alimwambia aziweke mle? Lakini hilo sikulifikiria bado.

"Umegusa nini?" nikamwuliza. Kwa sauti ile yangu. "Mama, umegusa nini?"

"Nilifanya vile ulinifundisha."

"Haiwezekani! Ungefanya nilivyokufundisha, ingekuwa hivi?"

Akanisogezea daftari lake la mazoezi, maana yeye huandika kila anachobonyeza. Jana yake: Haboba, anachora. Kalas. Amelaza Haboba. Umeme umerudi, mteja ameleta flashi yenye tangazo la msiba, linatakiwa haraka. Amechagua Dobi, amesafisha flashi, ameweka tangazo chumba cha pamoja. Amefunga Dobi. Ameamsha Haboba, ameendelea kuchora, amehifadhi.

Nilisoma mara mbili. Mara ya pili nikakaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu. Haboba alilala akikumbuka chumba cha pamoja kilivyokuwa. Akiwa usingizini, Dobi aliingia akapanga vitu vyake. Haboba akaamka hana habari, akaandika juu yake akifuata kumbukumbu zake za kabla ya kulala. Mfumo mmoja ukilazwa, mwingine hautakiwi kugusa inachoshiriki. Fundi yeyote wa mifumo mingi anapaswa kujua hilo, na mimi nililijua, nililisoma, niliwahi hata kumfundisha mtu. Lakini nilipoandika kile kikaratasi nilifikiria jenereta tu. Nyani haoni kundule. Karatasi ilikuwa mbele yangu pembeni ya kioo, kwa mwandiko wangu.

Nilikuwa bado nimekaa kwenye ndoo mwenyekiti alipoingia kuuliza kazi imefika wapi. Akaona kioo. Akauliza kimetokea nini.

"Ni mimi niliharibu," mama mshonaji akasema. "Nilibonyeza mbaya."

Na mimi nikanyamaza.

Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Mdomo huu ninaousifu, siku ile ulifungwa. Nilijiambia kwanza nitengeneze, maneno baadaye. Mwenyekiti akatoka nje, nikamsikia kwa simu akiongea na mtu wa Kampala, akitaja kasula, akitaja basi, akitaja Jumamosi. Mama mshonaji naye alimsikia. Alichukua kitambaa cheupe cha kasula, akakikunja vizuri, akakirudisha kabatini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilibeba ile kompyuta hadi Buluk siku hiyohiyo, nikaiamsha kwa mfumo wa bure kutoka kwenye flashi yangu mwenyewe, nikaifungua diski kwa kusoma tu, bila kuandika hata herufi moja. Nikainakili yote kwenye diski nyingine, nikaanza kutafuta ndani ya nakala. Kila faili ya ile programu huanza na alama zilezile chache, hata jina likipotea. Nilizitafuta alama hizo Alhamisi kutwa nzima, wateja wanagonga mlango nawaambia rudini kesho. Nilipata vipande kumi na saba. Vingi vilikuwa takataka. Cha kumi na nne kilikuwa mchoro wa Jumatatu: kikombe kizima, mtama wa kushoto wote. Wa kulia haukuwepo.

Nilipiga ukelele hadi muuza chai wa jirani akaja kuona nani amekufa. Nasema tena, kazi yangu naijua! Kisha nikafuta kumbukumbu ya usingizi ya Haboba ili aamke upya, nikapanga upya chumba cha pamoja, nikafunga njia zote za kulaza, mfumo mmoja baada ya mwingine. Ijumaa asubuhi kompyuta ilikuwa Malakia.

Nilimwambia mama, programu inaweza kuugeuza mtama wa kushoto uwe wa kulia, kwa dakika moja. Akakataa.

"Mtama haimei hivyo," akasema. "Mbili zikifanana kabisa, watu watajua ni ya mashine."

Akachora wa kulia upya kutwa nzima ya Ijumaa, mkono unajua njia sasa, kila suke na uzito wake. Mwenye jenereta nilikwenda kumwambia mimi mwenyewe kwamba akithubutu kutamka Kalas kabla ya jioni atanitambua. Alicheka, lakini hakuzima. Jumamosi asubuhi mashine ya kudarizi ikaanza kugonga. Mimi nilishika kitambaa, yeye alibadilisha nyuzi. Ilipofika saa sita, mtama ulikuwa umesimama mgongoni mwa kasula, wa dhahabu na wa kahawia, na uliobaki ni upindo tu.

Ndipo mwenyekiti akaja, na kifurushi cha Kampala kwapani, bado kimefungwa gundi. Alikuwa pamoja na mama mzazi wa shemasi, mwanamke mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri. Mwenyekiti aliongea kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko makelele.

"Mama, hatukulaumu. Kompyuta si kazi ya kila mtu. Hata kama umemaliza, siwezi kumvalisha mtoto wetu kitu kilichoharibika kikaungwaungwa. Mavazi yameshafika." Akanigeukia. "Na wewe fundi, asante. Wewe ni mtoto wetu, umejitahidi kumsaidia mgeni."

Hapo nikashindwa kuvumilia. Sikupanga, sikutafuta maneno mazuri.

"Mwenyekiti, hakuharibu yeye. Niliharibu mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha kulaza mfumo mmoja na kufungua mwingine. Alifuata karatasi yangu, hiyo hapo, isome. Jumatano nilikuwa nimeshajua, nikamwacha abebe lawama. Yeye hana kosa hata la kidole."

Mwenyekiti akaisoma ile karatasi kana kwamba anatafuta sahihi yangu chini. Lakini aliyekasirika alikuwa mama mshonaji. Alitupa mkasi mezani.

"Kwa nini umesema? Mimi nilikuwa nimekufunika!"

"Unanifunika vipi? Hukujua..."

"Nilijua! Jumatano kabla ujafika nilikaa na daftari nikafikiria. Haboba alilala, Dobi akapanga nyumba, Haboba akaamka akapanga vile anakumbuka. Hiyo ni kitu ngumu?" Akapumua. "Mimi iko mgeni, mtoto yangu. Wakisema mgeni ameharibu, nimezoea, kesho naamka nashona. Lakini wewe umetoka Kenya umerudi kwenu. Sikutaka watu wa kwenu waseme huyu hajui kazi."

Niliwahi kusifiwa, mara nyingi tu, na nimejisifu mara nyingi zaidi. Hakuna aliyewahi kunithamini hivyo, na ilikuwa ndani ya duka la cherehani, mbele ya watu wawili, baada ya mimi kukosea. Nililia. Nilijaribu kusema pole na asante kwa pamoja, sikuweza hata moja.

Wakati huo yule mama mzee alikuwa ameisogelea kasula mezani. Hakuna aliyekuwa akimwangalia. Aliweka vidole juu ya mgongo wa vazi, akapita juu ya kikombe, akafika kwenye masuke ya kulia, yale yaliyochorwa Ijumaa, akayagusa moja moja kwenda juu kama anachagua mbegu. Akasema neno moja tu.

"Dura."

Ndiyo mtama, kwa Kiarabu cha hapa. Akalirudia, na mara hii alikuwa akicheka, akauliza nani amelima.

Mama mshonaji akanyoosha mkono polepole, kama mtoto darasani. Yule mzee hakuuona, kwa hiyo nikamshika mama mshonaji mkono nikaupeleka hadi kwa mzee, naye akaushika kwa mikono yake miwili.

Mwenyekiti akaangalia viti, vilikuwa viwili tu na vyote vimejaa vitambaa. Akaweka kile kifurushi cha Kampala juu ya ndoo, akakikalia, akapanga gauni lake vizuri juu ya magoti.

"Haya," akamwambia mama mshonaji, "malizia upindo. Kesho saa tatu anaivaa."